Madoa 11 kichwani, moja shingoni: ni lipi la kunitisha?

Kalamu_Nyekundu

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mgeni humu, nisameheni kama swali hili limeshaulizwa. Nimejaribu kupekua ya nyuma nikachoka, na macho yenyewe ndiyo haya.

Nina miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana, nikiwa nasahihisha madaftari usiku, niliona wino wa kalamu yangu nyekundu umepauka. Nikadhani kalamu imekwisha. Nikachukua nyingine, mambo yaleyale. Nikaziba jicho la kulia kwa kiganja: wino una rangi ya tofali lililonyeshewa mvua. Nikaziba la kushoto: nyekundu ya kawaida. Siku mbili baadaye jicho la kushoto likaanza kuuma kila nikilizungusha, na ukungu ukatanda katikati ya kila nilichokitazama. Niliambiwa neva ya jicho imevimba. Wiki kama sita nikawa naona tena. Sikuuliza zaidi, nikarudi darasani.

Miezi minane baadaye likaja la pili. Ganzi kuanzia chini ya matiti hadi nyayo, na mkanda usioonekana umenibana kifuani, nikawa nalegeza nguo ambazo wala hazikunibana. Lililonitisha hasa ni hili: kila nikiinamisha kichwa kusoma daftari, shoti ya umeme inashuka mgongoni mpaka mapajani. Nikiinua kichwa, inakatika. Wiki tatu nzima nilisahihisha madaftari yakiwa juu ya rundo la vitabu ili shingo isiiname.

Safari hii nilipigwa MRI ya kichwa na ya shingo, nikatolewa na maji ya mgongo. Jibu: maltipo sklerosisi, MS, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo, na kuacha madoa. Ripoti ninayo hapa mezani. Madoa 11 kwenye ubongo: saba pembezoni mwa ventrikali, yaani vile vyumba vya maji vya katikati, matatu chini tu ya gamba la ubongo, moja kwenye ponsi, ndani ya shina la ubongo. Halafu jingine moja kwenye uti wa mgongo, usawa wa pingili ya tatu na ya nne ya shingo.

Daktari wa neva alinieleza vizuri, ila mimi masikio yalishafunga alipotaja jina la ugonjwa. Nimebaki na karatasi, na wiki mbili za kusubiri kumwona tena. Mume wangu anahesabu, anasema 11 ni mengi. Mimi nahangaika na mahali. Nimesoma kwamba madoa ya shina la ubongo na ya uti wa mgongo ndiyo yanayowapeleka watu kwenye kiti cha magurudumu, na kwamba yale ya kando ya ventrikali karibu kila mwenye MS anayo. Kwingine nikasoma kwamba madoa hayasemi kitu. Nani mkweli? Mahali doa lilipo pana uzito gani?

Naomba majibu ya walioishi nalo au wanaozijua hizi picha. "Usijali, Mungu yupo" nimeshaambiwa na wengi na nimeshukuru. Leo nataka la picha.

Bw_Haraka

Pole sana mwalimu. Kwa kifupi idadi ndiyo mpango mzima. Shemeji yangu alikutwa na madoa zaidi ya 30, leo hatembei. Wenye machache wanaenda vizuri. 11 ni katikati, usiogope sana wala usijiamini sana.

Fimbo_Mkononi

Bw_Haraka, kwa heshima zote, hapana. Ngoja nimjibu mwalimu polepole, maana vidole vyangu vya kulia huandika vinapotaka vyenyewe.

Dada, pole. Mimi huu ni mwaka wa 17. Nilianza na madoa matatu kichwani. Matatu! Daktari wa kwanza aliniambia nina bahati, ni machache, akanipa mkono, tuonane baada ya mwaka. Mgongo haukupigwa picha. Mguu wa kulia ulikuwa ukiburura kidogo ikifika jioni, soli ya kiatu inalika kwenye ncha ya vidole tu, na mimi namlaumu fundi viatu. Nilibadilisha mafundi wawili. Mwaka wa pili mkojo ukaanza kunikimbiza, nikiuhisi tu ni mbio. Ndipo mgongo ukapigwa picha: madoa mawili, moja la shingoni na moja la katikati ya mgongo, yote makovu ya zamani. Yalikuwepo siku ile napewa mkono? Siwezi kuapa. Ila kiatu kilikuwa kinalika.

Sasa upande wa pili. Kwenye chumba cha dripu huwa nakaa jirani na mama mmoja aliyekuwa mhasibu. Madoa yake yamepita 40. Anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu bila kugusa ukuta. Lakini mpe namba tatu ajumlishe kichwani, yeye aliyekula mshahara wa hesabu maisha yake yote, utamwona anatazama dirishani. Anakwambia zile namba zinadondoka kabla hajazishika. Ya kwake mengi yako kwenye gamba na chini yake.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Ubongo wa juu ni mpana na njia zake ni kama vichochoro vya mtaa, kimoja kikizibwa watu wanazunguka nyuma ya nyumba wanatokea kulekule. Uti wa mgongo (si ile mifupa, nasema ule ugwe laini uliomo ndani yake) una unene wa kidole kidogo cha mkono. Amri zote za miguu, mikono, kibofu na choo zinashukia humo, na taarifa zote za kugusa, joto na maumivu zinapandia humohumo. Hakuna pa kuzungukia. Shina la ubongo nalo ni vilevile: macho, kumeza, sauti, mizani ya mwili, vyote vimesongamana pale. Doa la milimita tano huko juu unaweza kuishi nalo usijue kama lipo. Lilelile likikaa shingoni, ni mguu wangu.

Kwa hiyo aliyekwambia mahali pana uzito hakukudanganya. Na aliyesema madoa hayasemi kitu naye ana chembe ya ukweli: ukijumlisha ujazo wa madoa yote ya kichwani, ukaulinganisha na mtu anavyotembea, uhusiano ni hafifu kuliko unavyotegemea. Mtaalamu wa picha wa Uholanzi, Frederik Barkhof, aliliandikia makala mwaka 2002. Picha inasema hivi, mgonjwa anasema vile.

Ila kuna jambo huwa linanikera, ngoja niliseme. Wakisema "mahali pabaya", uliza pabaya kwa kipimo gani. Ulemavu wa MS hupimwa kwa EDSS, kipimo cha 0 hadi 10 alichokitoa John Kurtzke wa Marekani mwaka 1983. Ukishafika 4, kuanzia hapo kwenda juu karibu yote ni habari za kutembea. 6 ni fimbo moja ya kukufikisha mita 100. 7 ni kiti cha magurudumu. Mimi ni 6. Yule mama ni 2. Kwenye karatasi mimi ndiye mgonjwa kumshinda kwa mbali. Lakini mimi kazini naenda mpaka leo, yeye aliacha kazi kabla ya umri. Kipimo kimetengenezwa na macho yanayotazama miguu, basi lazima uti wa mgongo utoke mshtakiwa namba moja, na gamba la ubongo liachiwe huru.

Nimechoka. Nitarudi.

Mpigapicha_wa_Zamu

Mimi nafanya kazi ya kupiga picha za MRI, mwaka wa 12 sasa. Ripoti siandiki mimi, anaandika mtaalamu wa radiolojia, lakini nyuma ya kile kioo nimeona mengi. Mzee Fimbo kasema kweli, nami niongeze ya upande wangu.

Mwalimu, ripoti yako imegusa sehemu zote nne zinazotazamwa na vigezo vya McDonald vya 2017, ule mwongozo wa madaktari wa kuitambua MS: kando ya ventrikali, gamba na chini yake, shina la ubongo pamoja na ubongo mdogo wa nyuma, na uti wa mgongo. Zikipatikana mbili kati ya hizo inatosha kusema ugonjwa umetawanyika. Maana yake orodha uliyoisoma kama hukumu ilipangwa hivyo kwanza ili kuutambua ugonjwa. Kutabiri ni kazi nyingine kabisa. Yale saba ya kando ya ventrikali huwa yanasimama kama vidole vilivyonyooshwa kutoka kwenye vyumba vya maji, kwa sababu yanafuata vena ndogondogo. James Dawson aliyaeleza huko Edinburgh mwaka 1916 akitumia darubini, na hadi leo tunayaita vidole vya Dawson. Yanatusaidia sana kutofautisha MS na madoa ya presha au ya kipandauso. Kuhusu miguu yako, peke yake yanasema kidogo.

Sasa kutabiri. Kuna makundi yaliyofuatiliwa tangu shambulio la kwanza kwa miaka mingi. La London lilifuatiliwa miaka 15, matokeo yakatoka 2019: waliokuwa na madoa ya uti wa mgongo mapema, na waliokuwa na madoa yanayong'aa kwa dawa ya gadolini, ile inayodungwa mshipani wakati wa picha, ndio walioelekea zaidi kuingia kwenye ile MS ya kuzorota polepole. Barcelona walifuatilia watu zaidi ya 1,000. Wao walikuta shina la ubongo lina uzito, lakini pia walikuta kwamba kuwa na madoa 10 au zaidi mwanzoni ni ishara nzito. Kwa hiyo Bw_Haraka hajakosea moja kwa moja. Idadi ina uzito, hasa mwanzoni. Kosa ni kusema ndiyo mpango mzima.

Jicho nalo lina hesabu yake. Marekani walifuatilia watu waliovimba neva ya jicho kama wewe. Baada ya miaka 15, ambao MRI ya kichwa ilikuwa safi siku ile, 25 kati ya 100 walikuwa wamepata MS. Waliokuwa na doa hata moja, 72 kati ya 100. Ona hapo swali halikuwa doa liko wapi, lilikuwa lipo au halipo.

Mambo mawili ambayo mgonjwa huwa haambiwi.

La kwanza, mashine haioni kila kitu. Mashine nyingi ni za tesla 1.5 au 3, ndicho kipimo cha nguvu ya sumaku yake. Madoa yaliyo ndani ya gamba lenyewe mengi hayaonekani hapo. Zikitumika za tesla 7 yanaanza kujitokeza. Yule mama mhasibu wa Mzee Fimbo huenda ana mengine ambayo hakuna aliyewahi kuyahesabu. Na mgongo ndio unaotutoa jasho: mgonjwa anapumua, moyo unapiga, anameza mate, na ugwe wenyewe ni mwembamba. Meza mate wakati usiofaa, doa la milimita nne linayeyuka kwenye picha. Ndiyo maana nawasihi wagonjwa wa shingo: meza kabla sijaanza, sio katikati.

La pili, doa lina umri na tabia. Likiwa jipya linang'aa kwa gadolini kwa wiki chache kisha linaacha. Mengine yanafifia, tishu inajikarabati. Mengine yanabaki meusi kwenye picha ya T1, aina mojawapo ya picha za MRI, tunaita mashimo meusi, hapo nyuzi zenyewe zimekufa, si ganda lake la mayelini tu. Na yapo yenye pete ya madini ya chuma pembezoni, yanaonekana kwa picha za aina maalumu, hayo yanaendelea kuungua chinichini kwa miaka hata kama mgonjwa hajapata shambulio jipya. Doa zuri mahali pabaya na doa baya mahali pazuri, vyote vipo.

Ukirudi kupigwa, omba mashine ileile na mpangilio uleule. Na CD yako ya leo itunze kama cheti cha kuzaliwa.

Mama_Wawili

Nami niseme kidogo. Mimi doa langu la kwanza lilikuwa shina la ubongo. Niliamka nikaona milango miwili, na wanangu wawili wakawa wanne. Nilitembea na jicho moja limezibwa plasta mwezi mzima. Leo ni mwaka wa 12, naendesha baiskeli. Nilishasoma kama wewe kwamba shina ni kifo cha miguu, nikaandika na wosia. Bado uko kabatini.

Kalamu_Nyekundu

Jamani. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu na mume wangu pembeni. Ameacha kuhesabu, sasa anauliza maswali ya mahali. Sijui kama hayo ni maendeleo.

Mzee Fimbo, nimekagua soli za viatu vyangu vyote. Zinalika sawasawa. Nilijisikia mjinga nikiwa nimepiga magoti mbele ya kabati la viatu saa tano usiku, lakini nilikagua.

Mpigapicha, swali moja. Hili la ponsi mbona silisikii? Sioni viwili viwili, simezi kwa shida, uso hauna ganzi. Nimesoma kwamba jina lenyewe kwa Kilatini ni daraja. Daraja lina shimo na magari yanapita?

Na jingine kwa yeyote: nikioga maji ya moto jicho la kushoto linarudi ukungu, nikipoa linaondoka. Hilo nalo ni doa jipya?

Mpigapicha_wa_Zamu

Magari yanapita kwa sababu shimo liko pembeni ya barabara. Pale kwenye ponsi kuna kauzi kembamba kanakounganisha jicho la kulia na la kushoto yageuke pamoja. Doa likikalia kauzi hako, unaona viwili viwili kama Mama_Wawili. Likikaa milimita mbili tatu kando, hakuna atakayejua mpaka picha ipigwe. Ndiyo sababu hata hili neno "shina la ubongo" kwenye ripoti bado ni pana mno. Ni kama kusema mtu anaishi "mjini".

Madoa ya kimya ni kawaida. Picha zikipigwa mara kwa mara, madoa mapya yanayojitokeza huwa mengi kuliko mashambulio ambayo mgonjwa anayasikia. Ndiyo maana hatusubiri mgonjwa aseme ameumwa.

Maji ya moto nawaachia wenye uzoefu.

Fimbo_Mkononi

La maji ya moto nalijua mpaka mifupani. Si doa jipya. Ni kovu la zamani: waya uliovuliwa ganda unapitisha ujumbe vizuri ukiwa baridi, ukipata joto unashindwa. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza mwaka 1890. Shambulio la kweli ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayokaa zaidi ya saa 24, nawe huna homa. Mimi nimeshawahi kupelekwa mbio nikidhani mguu wa pili nao umekwenda, kumbe ni maambukizi ya mkojo. Nikapewa dawa ya mkojo, mguu ukarudi. Kwa hiyo kabla ya kulia, pima joto na mkojo.

Na ile shoti ya shingoni ina jina, dalili ya Lhermitte. Inatisha kuliko ilivyo. Inasema doa liko kwenye ugwe wa shingo, ambalo wewe ulishalijua, na kwa wengi inapungua yenyewe. Yangu iliondoka ndani ya mwaka.

Sasa, dada, hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo nikaishia kusimulia viatu. Ukienda kwa daktari usiulize "nitaishia wapi". Hajui, na akikujibu atakuwa anakubahatishia. Wale wa London na Barcelona ni makundi, namba inatoka kwenye kundi, wewe ni mmoja. Tena wengi wao walianza safari kabla ya dawa nzito kuwepo. Uliza hivi: "Kwa kuwa nina doa la mgongo, na la shina, na jumla yamepita 10, je, nianze na dawa nyepesi tupande taratibu, au tuanze na nzito?" Hapo ndipo mahali pa doa panapokuwa na faida kwako. Panabadilisha uamuzi wa leo.

Nilipoanza mimi kulikuwa na sindano za interferoni na kitu kimoja kingine cha sindano. Interferoni ya kwanza ya MS iliidhinishwa 1993. Kila baada ya sindano unatetemeka kama mwenye malaria hadi asubuhi, halafu unaenda kazini. Natalizumabu, dawa nzito, ilikuwepo, lakini ilihofiwa: iliingia 2004, ikaondolewa 2005, ikarudi 2006, kwa sababu ya kirusi cha JC kinachoweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo. Leo kirusi hicho kinapimwa kwanza kwenye damu. Okrelizumabu, nzito nyingine, ilikuja 2017. Mimi niliwekwa kwenye nyepesi kwa sababu madoa matatu "ni machache". Miaka minne. Hiyo ndiyo bei niliyolipa kwa kuhesabu badala ya kutazama mahali, na ndiyo sababu nilimrukia Bw_Haraka. Anisamehe.

Mengine yaliyo upande wako, usiyadharau: umri wako, shambulio la kwanza kuwa la jicho, la pili kuwa la ganzi na si la kupooza, na kwamba uliporudi ulirudi vizuri. Wanaoanza na miguu dhaifu, mizani kupotea au kibofu, hao mara nyingi njia yao ni ngumu zaidi. Nilianza hivyo mimi. Na kama unavuta sigara, acha leo. Hilo halina mjadala.

Bw_Haraka

Mzee Fimbo, sina kinyongo. Jana nilimpigia dada yangu nikamwomba anisomee ripoti ya shemeji neno kwa neno. Kumbe kati ya hayo 30 na kitu, matano yako mgongoni. Miaka yote hii sisi tunasema "thelathini", hakuna aliyewahi kusema "mgongoni". Na sigara alikuwa anavuta, pakiti kwa siku. Mwalimu, futa jibu langu la kwanza.

Kalamu_Nyekundu

Nimerudi kutoka kwa daktari, nimeona niwape mrejesho kabla sijalala.

Niliingia na maswali manne nimeyaandika. La kwanza lilikuwa lile la Mzee Fimbo, neno kwa neno. Daktari aliweka kalamu chini, akanigeuzia kompyuta. Nimeliona doa la shingoni kwa mara ya kwanza. Ni dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, limekaa upande wa nyuma wa ugwe. Akasema nyuma ndiko zinakopita taarifa za kugusa na za viungo vilipo, ndiyo maana nilipata ganzi na shoti, lakini nguvu ya miguu haikuguswa. Hata ndani ya uti wa mgongo kuna mahali na mahali! Lile la ponsi liko pembeni, kama Mpigapicha alivyosema bila kuliona. Mawili ya kando ya ventrikali yalikuwa yanang'aa, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa macho wakati ule.

Kwa hayo matatu, doa la mgongo, yanayong'aa na jumla kupita 10, amesema hatutaanza chini. Damu ya kirusi cha JC imechukuliwa leo, na vipimo vya ini na kifua kikuu, tukipata majibu tunachagua dawa. Niliuliza pia kuhusu kumbukumbu, kwa ajili ya yule mama mhasibu. Nikapewa mtihani wa kulinganisha alama na tarakimu kwa sekunde 90. Mwalimu kapewa mtihani. Nimepata 54, ameniambia siyo mbaya, tutarudia kila mwaka tuone kama inashuka.

Halafu nikatembezwa kwenye korido, futi 25, wanaipima kwa saa. Sekunde 4.6. Kisha vijiti tisa kwenye matundu tisa, mkono wa kulia sekunde 19, wa kushoto 21. MRI nyingine baada ya miezi sita, mashine ileile, na nitameza mate kabla.

Fimbo_Mkononi

4.6! Mimi nilikuwa 5.8 miaka kumi iliyopita, na leo usiniulize. Hizo namba ziandike mahali usipopoteza, pamoja na tarehe. Kila mara utakapoambiwa "unaendelea vizuri", zitoe uzilinganishe mwenyewe.

Kalamu_Nyekundu

Nimeziandika nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo, kwa kalamu ileile. Nimeziba jicho la kulia nikazisoma. Wekundu umepauka kidogo, lakini zinasomeka.